Nataka kuanza triathloni, mfuko utatoboka kiasi gani?

SWALI: Mambo vipi kaka. Mimi nakimbia kawaida tu, kilomita 10 namaliza bila shida, sasa kuna washkaji wameingia kwenye triathloni, ule mchezo wa kuogelea, baiskeli na mbio kwa mkupuo mmoja, wananivuta na mimi. Nimeangalia mtandaoni nikakuta baiskeli bei yake kama gari, wetisuti (ile suti ya mpira ya kuogelea), saa, helmeti yenye mkia, viatu vya kunasa kwenye pedeli, yani nimechoka kabla sijaanza. Mshahara wangu wa kawaida na watoto nnao. Huu mchezo ni wa matajiri tu? Kwa chini kabisa niwe na nini?

JIBU: Poa sana ndugu yangu. Unakula hela, sikudanganyi, ila anayeliwa zaidi ni yule anayenunua vitu kabla hajajua anahitaji nini. Hao unaowaona na mabaiskeli ya ajabu wengi wako kwenye Ironman, kule mtu anaogelea km 3.8, anaendesha 180, alafu anamalizia na marathoni nzima. Wewe unaanzia sprinti ambayo ni mita 750 majini, km 20 baiskeli na km 5 za miguu, na kuna mashindano mafupi zaidi ya hapo. Kwenye km 20 baiskeli ya bei mbaya itakuokolea dakika chache tu, na dakika hizo hizo mtu asiyejua kuogelea vizuri anaziacha majini alafu anatoka hoi.

Kwaiyo ukiniuliza hela ya kwanza iende wapi nasema kwa mwalimu wa kuogelea, maana mbio unazo tayari. Vifaa vya majini ni bei ndogo, na kofia mashindano mengi wanakugawia. Miwani usiangalie jina lake, ibandike machoni bila kuvaa mkanda, ikijishika yenyewe sekunde mbili tatu ujue inaendana na uso wako, ikidondoka hapo hapo dukani basi hiyo itaingiza maji hata uikaze vipi. Kitu ambacho watu hawakipigii hesabu ni kiingilio cha bwawa, kwa sababu hakiumi kwa mara moja, ila nenda kila wiki mwaka mzima ujumlishe, unaweza kukuta kimeipita baiskeli ya mtumba. Ulizia kama wana kadi ya mwezi.

Baiskeli sasa. Kwa mara ya kwanza tumia yoyote iliyo saizi yako na yenye breki zinazokamata mbele na nyuma, mashindano mengi ya wanaoanza wanakubali hata ile ya milimani, soma tu sheria zao. Kama kuna wa kukuazima, azima. Ukiamua kununua iliyotumika nenda na fundi, inua gurudumu ulizungushe uone kama rimu inayumba, alafu ishike cheni pale mbele kwenye sahani kubwa uivute kwenda mbele, ikinyanyuka mpaka jino linaonekana ujue imekwisha, na cheni iliyokwisha mara nyingi inakuwa imeshazila na giya za nyuma, hapo utanunua vyote. Fremu ya kaboni ya mtumba mimi simshauri mtu anayeanza, maana inaweza kuwa na ufa ndani na nje unaona rangi inang'aa tu, aluminiamu inakutosha kabisa. Tenga na hela ya tyubu ya akiba, pampu na vile vijiti vya kutolea tairi, pancha haijali kama wewe ni mgeni.

Helmeti usibane hela, nunua mpya, ya mtumba huwezi kujua ilishawahi kugonga wapi. Bila helmeti hupandi baiskeli, na mkanda wake unaufunga kabla hujaigusa baiskeli na huufungui mpaka umeirudisha kwenye stendi yake, ukikosea hapo waamuzi wanakuadhibu. Kuna na vile vizibo vya mwisho wa usukani, plastiki ndogo tu, bei yake ni kama bure, ila wakaguzi wanaviangalia kweli kwa sababu bomba lililo wazi linamchoma mtu akianguka. Yani umelipa kiingilio, umelipa nauli na pa kulala, labda na leseni ya siku au bima, alafu asubuhi ya mashindano unahangaika kutafuta kizibo!

Hivyo vingine vyote ulivyotaja achana navyo kwa sasa. Bukta ya kubana na fulana vinakufikisha. Kamba za lastiki za raba nakuruhusu, ni rahisi na hutahangaika kufunga fundo na vidole vilivyolowa. Na kama mfuko umekauka kabisa ingieni timu ya kupokezana, mmoja aogelee, mwingine aendeshe, wewe chukua mbio zako.

SWALI: Mwanangu, mimi ni mama wa miaka 52, kuogelea nimejifunza ukubwani. Mashindano ni ziwani na vijana wananiambia lazima ninunue wetisuti. Bei yake imenishtua. Ni lazima kweli?

JIBU: Shikamoo mama, na hongera sana. Hiyo inategemea joto la maji. Yakiwa baridi sana inakuwa lazima, yakiwa ya vuguvugu inakatazwa kabisa, hapo katikati ni hiari yako, kwaiyo waulize waandaaji kabla hujatoa hata senti. Faida yake sio joto tu, inakuelesha pia, ndo maana vijana wanaipenda. Kama itahitajika ulizia ya kukodi, na iwe ya kuogelea, ile ya kupiga mbizi inakaza mabega utachoka mikono mapema. Unene usizidi milimita 5, hiyo ni sheria. Ivae uingie nayo majini siku kadhaa kabla, mara ya kwanza inabana kifua mpaka mtu anadhani amekosa pumzi. Na mazoezi ya ziwani usiende peke yako mama.

SWALI: Kaka nimepata baiskeli ya mashindano used, ina zile handeli za mbele za kulalia, bei nzuri sana ila saizi inanizidi kidogo. Nichukue?

JIBU: Hapana. Siti utaishusha, usukani utausogeza kidogo, ila fremu haipungui urefu na mgongo wako ndo utalipa tofauti. Kama kilichokuvutia ni zile handeli, zinauzwa peke yake na zinafungwa kwenye baiskeli ya resi ya kawaida, ila kuna mashindano yanayoruhusu watu kufuatana karibu karibu kukwepa upepo, hayo yana masharti yake kuhusu handeli hizo, soma kwanza ndo ununue.