Maswali ya wavuvi: perege wanaohema, perege wadogo na ndoo ya chambo

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa watu wanaovua kwenye maji madogo: vijiziwa, mabwawa, malambo. Nimefurahi. Maji ya namna hii humfundisha mvuvi upesi, kwa sababu kila analofanya huonekana humo humo.

Nikifika bwawani alfajiri nakuta perege wamejaa juu, midomo wazi, wanahema. Natupa chambo, hawagusi. Wana nini?

Wamekosa hewa. Mchana mimea ya majini, pamoja na ule ukijani unaoyapa maji rangi, hutoa oksijeni. Jua likizama, mimea hiyo hiyo huanza kuitumia, ikishindana na samaki na uchafu unaooza chini. Ndiyo maana oksijeni huwa haba kuliko wakati wowote pale karibu na mapambazuko, na samaki hupanda kwenye utando wa juu unaogusana na hewa. Joto nalo huongeza taabu: maji matamu yenye nyuzi 10 za selsiasi hushika takriban miligramu 11 za oksijeni kwa lita, lakini yakifika nyuzi 30 hushika 7.5 tu hivi.

Subiri jua lipande ndipo utupe mshipi. Kama bwawa ni lako, simamisha mbolea na chakula kwa siku kadhaa, ingiza maji mapya ukiweza, na uyavuruge juu yachanganyike na hewa.

Mwangalie na kambare. Yeye ana kiungo cha ziada cha kuvutia hewa ya juu, kwa hiyo maji yakikosa oksijeni perege watahangaika naye atakuwa mtulivu. Ukikuta kambare na vyura nao wanakufa, shuku sumu iliyoingia majini. Usivue hapo, na usiache mifugo inywe.

Ilipiga mvua kubwa yenye upepo baada ya majuma ya joto kali. Kesho yake samaki wengi walielea wamekufa. Je, ni radi?

Sidhani. Siku za joto na utulivu, maji ya juu hupata moto na kuwa mepesi, ya chini hubaki baridi na mazito, na tabaka hizo mbili hazichanganyiki. Kule chini oksijeni huisha. Dhoruba ikija huyapindua yote kwa mara moja, na samaki hujikuta ndani ya maji yasiyo na hewa. Waliokufa wasiliwe, maana hujui wamelala humo saa ngapi wala ni nini kilichowaua.

Perege wa bwawa letu ni wadogo wote, kama kiganja cha mtoto. Kila tunayemnasa tunamrudisha akue, na hawakui. Tunakosea wapi?

Hapo hapo kwenye kuwarudisha. Najua linakwenda kinyume na kila tulichofundishwa, na mimi mwenyewe nilichukua muda kulikubali. Perege huanza kuzaa akiwa na miezi michache tu. Jike la sato na la jamaa zake wengi huyabeba mayai mdomoni mpaka yaanguliwe, na hata vifaranga wakiona hatari hukimbilia humo humo. Watoto wengi huokoka. Bwawa dogo hujaa, chakula hakiwatoshi, na nguvu ambayo ingejenga mwili huishia kwenye kuzaa tena. Utakuta samaki wa umri wa kutosha kabisa, mwili wa kifaranga.

Punguzeni wadogo, tena wengi, na muendelee kupunguza. Warudisheni wachache walio wakubwa. Kama kambare wamo tayari, waacheni wafanye kazi, kwani hula vifaranga. Ila msilichukue jibu hili mkalipeleka ziwani. Mahali ambapo samaki wamepungua kwa kuvuliwa sana, mdogo arudi majini na nyavu zenye matundu madogo zikae nje.

Ndoana namba 10 na namba 4, ipi kubwa?

Namba 4. Namba ikipanda, ndoana hupungua. Zile zenye mkwaju na sifuri, kama 1/0 na 2/0, ndizo kubwa zaidi, na hizo namba ikipanda huzidi kukua. Perege ana mdomo mdogo, mpe ndogo.

Nimrudisheje samaki asife?

Lowesha mikono kwanza. Ute ulio juu ya magamba ndio kinga yake ya maradhi, na mkono mkavu, kitambaa au mchanga huukwangua. Usitie kidole kwenye matamvua. Ndoana ikiwa imemezwa mbali, kata uzi karibu na mdomo umwache, maana kuivuta humwumiza zaidi. Bana kile kijimwiba cha ndoana kwa koleo kabla hujaanza kuvua, itatoka kwa urahisi.

Nataka kuchukua samaki ziwa la jirani niwapandikize letu, lina aina mbili tu. Ushauri?

Usifanye, tafadhali. Hili ndilo swali lililonikosesha raha kuliko yote, kwa sababu kosa lake halifutiki. Sangara alipandikizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na 1960. Alileta biashara kubwa, ni kweli, lakini alichangia pakubwa kutoweka kwa aina nyingi za furu waliokuwa hawapatikani kwingine duniani. Lile ni ziwa kubwa kuliko yote Afrika. Kijiziwa chako kitastahimili nini? Pamoja na samaki utabeba vimelea, mayai ya konokono na vipande vya magugu maji ambavyo huchipua upya. Aina mbili zilizozoeana na maji yao zinatosha.

Na ndoo ya chambo hai ni vivyo hivyo. Ukimaliza kuvua, imwage nchi kavu, mbali na ukingo, kisha uianike juani pamoja na nyavu zako hadi zikauke kabisa.