Kesi ya kijana wa miaka 16 New York: inaenda family court (mahakama ya familia) au la?

Pole sana dada, mtoto wa 16 kukamatwa pamoja na wenzake mjini Buffalo, New York, kwa kunyang'anya simu si mchezo. Toka sheria ibadilike 2018 kesi kubwa kama hii inaanzia kitengo cha vijana (Youth Part) cha mahakama ya jinai, halafu ndani ya siku 6 tangu asomewe mashtaka jaji anaangalia je YEYE MWENYEWE, sio rafiki yake, aliumiza mtu vibaya, alionyesha bunduki au silaha ya hatari, au alilazimisha ngono. Kama hakuna hata kimoja inahamia family court, labda mwendesha mashtaka apinge ndani ya siku 30 kwa sababu nzito kweli.

Asiongee na polisi bila wakili, wa bure yupo, na mkalimani mdai. Kama makaratasi ya uhamiaji bado muulizeni wakili wa uhamiaji kabla hajakubali kosa lolote.