Mstari uliochorwa kwa hesabu ya madawati

Swali lenu la wiki hii linauliza kama ni sahihi kwa shule za sekondari kuwagawa wanafunzi katika makundi kwa kufuata uwezo wao. Nilipoanza kuandika nilikuwa na jibu tayari, kwamba si sahihi, na nilidhani mistari michache ingetosha. Lakini mzazi ambaye mtoto wake amekwisha kupangwa hana muda wa kujadili iwapo makundi yawepo au yasiwepo. Kwake yeye yapo, taarifa imekwisha kufika nyumbani, na linalomkosesha usingizi ni jambo jingine kabisa: aende shuleni kupinga, au anyamaze? Hilo ndilo nitakalolijibu, na mhariri ataniwia radhi.

Binti yangu alipoingia kidato cha kwanza, wanafunzi wote walipewa mtihani wa hisabati mara tu walipofika, na haukupita muda wakapangwa katika kundi A, B na C. Yeye akaangukia C. Hakulia wala hakununa. Alisema tu, huku akiendelea kujalidi madaftari yake, kwamba wasiojua hesabu wamewekwa pamoja ili wasiwacheleweshe wenzao. Hakuna mwalimu aliyemwambia hivyo. Orodha ilikuwa imebandikwa kwenye ubao wa matangazo, na watoto wakaifasiri wenyewe, kama watoto wa popote wangefanya, hata kama makundi yangepewa majina ya maua.

Nilisubiri hadi katikati ya muhula ndipo nikaenda. Mwalimu wa taaluma alinipokea vizuri, na kwa kuwa ni mtu asiyependa maneno mengi, alinifungulia orodha yenyewe badala ya kunieleza. Majina yote yalipangwa kuanzia mwenye alama nyingi hadi wa mwisho, kisha mistari miwili ya wino mwekundu ikaikata orodha vipande vitatu. Jina la binti yangu lilikuwa la pili chini ya mstari wa chini. Aliyekuwa juu tu ya mstari huo alimzidi kwa alama moja. Nikauliza kwa nini mstari umepita pale na si majina mawili chini yake.

"Mama, chumba cha B kina madawati arobaini," akanijibu.

Sikuona hila yoyote katika jibu lile, na nadhani ndiyo sababu lilinishtua zaidi. Nilikuwa nimejiandaa kubishana kuhusu uwezo wa mtoto wangu, kumbe kilichoamua ni samani. Nikaomba nionyeshwe daftari moja la B na moja la C, yote ya wiki ileile, nikayaweka sambamba mezani. B walikuwa wamefika kwenye milinganyo. Ukurasa mzima ulijaa maswali ya kutafuta thamani ya x. C walikuwa bado kwenye kujumlisha sehemu, na wamechora mistatili waliyoitia kivuli. Mtihani wa mwisho wa muhula, ambao ndio uliotarajiwa kuonyesha nani anastahili kupanda, ulikuwa mmoja kwa wote. Nikamwuliza mwalimu mtoto wa C angewezaje kujibu swali la milinganyo ambayo hajawahi kufundishwa. Alinyamaza kidogo, akakiri kwamba wanaopanda ni wachache sana.

Nikiwa na hasira ile ningeliwaandikia kurasa kumi za "hapana", na ushahidi nisingeukosa. Uingereza, utafiti uliochapishwa mwaka 2019 kuhusu upangaji wa makundi ya hisabati katika shule 46 za sekondari ulikuta kwamba karibu thuluthi moja ya wanafunzi walikuwa katika kundi lisilolingana na matokeo yao ya mwisho wa shule ya msingi, na kwamba wasichana na watoto weusi walikuwa katika hatari kubwa kuliko wavulana na watoto weupe ya kuwekwa chini ya walipostahili. Hukohuko, mtihani wa hisabati wa GCSE, ule wa taifa unaofanywa kwa kawaida katika umri wa miaka kumi na sita, una ngazi mbili, na anayefanya karatasi ya ngazi ya chini hawezi kupata zaidi ya 5 hata akijibu kila swali, ilhali alama ya juu kabisa ni 9. Mtoto anaweza kuwekewa dari akiwa na miaka kumi na moja asijue kwamba iko juu yake mpaka siku anapoigonga.

Hata hivyo, ninapoandika haya yananirudia yale madaftari mawili, na si mada zake tu. Katika daftari la B kulikuwa na vema nyingi na makosa yaliyokatwa bila neno. Katika daftari la C kila kosa lilikuwa na swali pembeni kwa mwandiko mdogo: "Kwa nini umejumlisha asili na asili?" Chini yake mwanafunzi amejibu, na chini ya jibu mwalimu ameandika tena. Mwalimu yule alikuwa mmoja wa wakongwe wa shule, na nikaambiwa kwamba aliliomba kundi hilo mwenyewe. Sijui ni shule ngapi ambazo mkongwe huomba kundi la chini. Desturi niliyoizoea ni kwamba kundi la juu ni zawadi na la chini ni zamu ya mgeni.

Kuna utafiti mwingine ambao wapinzani wa makundi, nami nikiwamo, huwa hatupendi kuutaja. Wachumi Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walifuatilia darasa la kwanza katika shule 121 za msingi magharibi mwa Kenya. Katika baadhi ya shule hizo watoto waligawanywa katika nusu mbili kwa kufuata alama zao, na katika nyingine waligawanywa kwa bahati nasibu tu. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2011, yalionyesha kwamba pale walipogawanywa kwa alama, watoto wa nusu zote mbili walifaidika. Ni kweli kwamba wale walikuwa watoto wadogo na si wa sekondari. Lakini walimu nao waligawiwa kwa bahati nasibu, kwa hiyo kundi la chini halikuachiwa mwalimu aliyekataliwa na wengine.

Mwalimu wa taaluma alinipa nafasi ya kumhamishia binti yangu B, maana kufikia wakati huo dawati moja lilikuwa wazi. Nilimwacha C. Mwaka uliofuata alipanda, baada ya yule mwalimu mkongwe wa C kuwafundisha milinganyo wale waliokaribia kupanda, nje ya ratiba na bila kulipwa. Kama angefika mbali zaidi kwa njia nyingine, hakuna anayeweza kunithibitishia.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, nenda shuleni, ila usianze na herufi ya kundi. Omba kuona madaftari ya makundi mawili. Uliza nani anafundisha la chini na kwa nini yeye, kisha uliza ni lini orodha itapitiwa upya na nani atamfundisha mtoto zile mada alizorukwa kabla hajapanda. Tarehe ya kupitia orodha iandikwe, kwa sababu ahadi ya mdomo huisha na muhula.

Na kwa swali lenu lenyewe, nashangaa kujikuta nikisema "ndiyo", kwa masharti: iwe kwa hisabati na pengine lugha za kigeni tu, isiwe kwa masomo yote kwa mkupuo, na mtihani wa siku moja usitumike peke yake. Shule isiyoweza kueleza mtoto wa kundi la chini anapandaje, nihesabuni upande wa "hapana". Nikizifikiria shule ninazozijua, huenda upande huo ndio nitakaohesabiwa mara nyingi zaidi.