Alimfunika mamba macho kama alivyoona kwenye tv

Swali lenu la wiki hii limenikaa kichwani tangu juzi, mmeuliza hivi wale watu wa tv wanaokamata mamba na nyoka wakali kwa mikono wanasaidia uhifadhi au wanauharibu. Mi ni fundi wa injini za boti hapa Mwaloni Kirumba, Mwanza, lakini kwetu ni ng'ambo kule Buchosa, nimekulia ufukweni kabisa, naomba nijibu kwa kirefu kidogo maana hili jambo limeacha kovu nyumbani kwetu.

Miaka ya mwanzo ya 2000 kijijini tulikuwa na kibanda umiza kimoja, jenereta inaunguruma nyuma, sisi watoto tumekaa chini kwenye mchanga, na siku ambayo hakuna mpira mwenye kibanda alikuwa anaweka sidii za wanyama. Ndo nilipomuona Steve Irwin kwa mara ya kwanza, yule Mwaustralia wa shati na kaptula za kaki, anamrukia mamba mgongoni huku anaongea tu na kamera. Tulimpenda sana na mi mpaka leo nampenda, yaani ukimtazama unaona kabisa huyu mtu anawapenda wale wanyama kwa moyo, haigizi.

Sasa mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alikuwa na miaka 13. Asubuhi moja nyavu za makila zimevutwa ufukweni, kumbe kuna mamba mdogo kanasa, urefu kama mita moja na ushee hivi. Baba mkubwa akasema msimguse, nileteeni kisu nikate nyuzi aende zake. Wakati kisu kinatafutwa dogo akavua shati, akamrukia, akamfunika macho na shati, mikono yote miwili ikabana taya, vilevile kama alivyoona. Na mwanzoni ilikubali! Mamba katulia, watoto tunashangilia, mi mwenyewe nilishangilia na hilo linaniuma mpaka kesho. Halafu shati likateleza. Mamba akishakamata anajizungusha mwili mzima, kitu kikiwa mdomoni kinanyofoka, na ilikuwa haraka kiasi kwamba tulisikia mlio kabla hatujaona damu. Vidole viwili vya mkono wa kushoto. Yule mamba akauawa palepale kwa makasia, mamba ambaye dakika chache nyuma alikuwa anatafutiwa kisu akatiwe nyuzi aachiwe.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kama zile shoo zinasaidia, hao wawili ndo wananijia kwanza, dogo na mamba.

Kile ambacho dogo hakukiona pale kibandani ni kazi yote iliyo nyuma ya zile dakika tatu. Irwin alikulia kwenye bustani ya wanyama ya wazazi wake kule Beerwah, Queensland, alipewa chatu kama zawadi ya birthday akiwa na miaka 6, mamba alianza kuwashika akiwa na miaka 9 baba yake akiwa pembeni. Halafu kuna kamba, kuna wanaume kadhaa wanaokalia mwili na mkia, kuna kujua kwamba misuli ya mamba ya kufungua mdomo ni dhaifu, kamba ndogo tu inatosha kuufunga, lakini ile ya kufunga mdomo hakuna mkono wa binadamu utakaoizuia. Kwenye tv vyote hivi vinapita haraka na anayebaki machoni ni mwanaume mmoja jasiri juu ya mgongo.

Lakini lazima niseme na upande wa pili maana sitaki kumdhulumu marehemu. Kabla hajawa maarufu alijitolea kwenye mpango wa serikali ya Queensland wa kuhamisha mamba, anakamata mamba wanaokaa karibu na watu anawapeleka sehemu nyingine badala ya kupigwa risasi. Huo mi nauita mkono wa kazi. Unamshika mnyama kwa sababu usipomshika atakufa au ataua. Na hela za shoo zilinunua mapori ambayo mpaka sasa yanalindwa, na kule Cape York, kaskazini mwa Queensland, watu wa bustani yake wanaendelea kukamata mamba na kuwafunga vifaa vya kufuatilia mienendo yao pamoja na Chuo Kikuu cha Queensland. Hizo ni faida za kweli kabisa.

Ila msije mkasema mamba wa Australia waliokolewa na tv. Kule Northern Territory walikuwa wamewindwa mpaka inakadiriwa wamebaki kama 3,000, uwindaji ukapigwa marufuku 1971, leo wanakadiriwa kupita 100,000. Hiyo 1971 Irwin alikuwa mtoto wa miaka 9. Sheria ndo iliyofanya kazi, shoo zilikuja katikati ya miaka ya 1990 mamba wakiwa wameshaanza kuongezeka siku nyingi.

Na sisi Wasukuma mbona haya mambo tunayo siku zote jamani. Nendeni Bujora kwenye sikukuu ya ngoma ya Bulabo mkawaone Bayeye, wale wa ngoma ya nyoka. Mjomba wangu alikuwa mmoja wao. Nakumbuka anamtoa chatu kwenye kikapu taratibu, kidole gumba kimekaa nyuma ya kichwa, mkono mwingine unaubeba mwili usining'inie, maana alisema nyoka akihisi anaanguka ndo anakuwa mkali, ngoma zinapigwa, watu wanarudi nyuma kwa vilio. Sasa niambieni, uwanja ule wote ukitawanyika watu wanaondoka wanamsifu nani? Wanamsifu mjomba. Sijasikia hata mmoja anamsifu chatu. Na kesho yake kifutu akionekana kwenye shamba la pamba anapigwa mawe mpaka afe, na wanaompiga ni walewale waliokuwa wanashangilia jana. Usukuma imeona nyoka wakishikwa kwa vizazi na vizazi, kama kuona tu mtu anashika nyoka kungemfanya mtu amuonee nyoka huruma basi sisi tungekuwa wa kwanza duniani.

Lakini mjomba huyohuyo usiku mtu akija mbio kwamba kuna nyoka ndani kwa watoto, alikuwa anaenda, anamkamata, anaenda kumwachia mbali, na waliong'atwa alikuwa anawatibu kwa dawa zake. Hakukuwa na ngoma wala watazamaji. Nyoka waliopona kijijini kwetu walipona kwa zile safari za usiku.

Mnakumbuka pia Irwin alivyokufa, Septemba 4, 2006, samaki aina ya taa alimchoma na mwiba kifuani wakati anaogelea juu yake mbele ya kamera. Baada ya hapo kwenye fukwe za Queensland wakakutwa taa kadhaa wamekufa, wengine wamekatwa mikia, ikahofiwa ni watu wanalipiza kisasi. Hata kama walikuwa wachache mi kiliniuma sana hicho, kwa sababu marehemu asingekubali. Ina maana kuna watu walimpenda yeye miaka yote, mnyama hawakumpenda.

Halafu kuna hili la sokwe ambalo liko karibu na sisi. Pale kisiwa cha Rubondo, Ziwa Victoria, kati ya 1966 na 1969 Mjerumani Grzimek, mtaalamu wa wanyama, na shirika la wanyama la Frankfurt walileta sokwe 17 waliokuwa wamefugwa Ulaya, wakaachiwa kisiwani, na uzao wao mpaka leo uko porini. Lakini baadhi ya wale wa mwanzo walikuwa wameshazoea watu mno, hawaogopi, wakashambulia watu, wakaishia kupigwa risasi. Na Wamarekani walifanya utafiti ukatoka 2011, kati ya watu walioonyeshwa matangazo ya sokwe wanaochezeshwa kama binadamu, waliochangia hela kwa uhifadhi walikuwa wachache kuliko kati ya walioonyeshwa sokwe wa porini. Ukimzoea mnyama mikononi mwa mtu unaona huyu yupo tu, hana shida.

Mtaniuliza sasa tv ionyeshe nini maana mamba aliyelala tu hana mtazamaji. Si kweli. Kuna siku baba alizima injini tukiwa kama mita hamsini kutoka kwenye ufukwe wa mchanga, akaninyooshea kidole. Mamba jike alikuwa anafukua mchanga kwa miguu ya mbele, polepole, anasimama, anasikiliza, maana watoto wanalia wakiwa bado ndani ya mayai na mama anasikia. Kisha akawa anawaokota mdomoni, mdomo uleule, anawapeleka majini, anawaachia, anarudi. Tulikaa pale mpaka jua likawa kali, baba hakuongea neno. Miezi mitatu mamba yule alikuwa analinda mayai pale na ndo maana kipindi kile baba alitukataza kuchota maji upande ule. Hakuna aliyemgusa na sijawahi kuona kitu cha kusisimua kama kile.

Na tv ionyeshe vile vizimba vya kuchotea maji ambavyo TAWA, mamlaka ya serikali ya wanyamapori, wamejenga Buchosa. Mama anaingia na ndoo, uzio uko majini pande zote, anachota, anatoka. Hamna shujaa pale. Lakini mtu akiuawa na mamba kifuta machozi kwa kanuni za 2011 kilikuwa shilingi 1,000,000, hebu fikirieni familia iliyomzika mama kwa hiyo hela inamuonaje mamba, halafu mfikirie inamuonaje pale ambapo mama anarudi nyumbani na ndoo yake kila siku. Vijiji ambavyo havina kizimba ndo huko utasikia watu wanataka mamba wamalizwe wote.

Dogo sasa hivi ni mtu mzima, ana boti yake, injini yake namtengenezea mimi. Nilimsomea swali lenu jana wakati nafunga plagi akasema waambie wakitaka kuja kurekodi waje, atawabeba bure, lakini watakaa ndani ya boti na injini ataizima mapema.