Je, injini ya gari inaweza kubeba ndege?

Swali: Ninajenga ndege ndogo ya viti viwili kwa kufuata ramani niliyonunua. Fremu na mabawa vimekwisha. Mbunifu anataka injini ya ndege ya nguvu za farasi 150, yaani ile ya lita 5.2 yenye magneto na kabureta, iliyobuniwa kabla sijazaliwa. Ninayo injini ya gari ya lita 2, bado mpya, inaongozwa na kompyuta, na nguvu zake ni hizohizo 150. Mimi ni fundi wa magari, hii naijua hadi skrubu ya mwisho. Kuna sababu ya kweli ya kuiacha?

Jibu: Ndugu fundi, sababu ipo, ila si ile inayosemwa vijiweni, kwamba injini ya gari ni dhaifu. Si dhaifu. Bloku, pistoni na krenki ya injini nzuri ya gari vinaweza kuvumilia kazi ya angani. Katika injini za gari nilizozikagua zikiwa zimefungwa kwenye ndege, ubovu niliukuta zaidi katika vitu vilivyoongezwa: giaboksi, waya, mipira ya mafuta na rejeta. Injini yenyewe ilikuwa nzima.

Tuanze na hizo nguvu 150, kwa sababu ingawa tarakimu ni moja, hazifanani. Injini uliyotajiwa, ambayo kwa maelezo yako ni Lycoming O-320, inazitoa ikiwa kwenye mizunguko 2,700 kwa dakika. Yako inazitoa ikiwa 6,000 au karibu na hapo. Na pangaboi lina mpaka wake. Chukua pangaboi la urefu wa mita 1.9: kwenye mizunguko 2,700 ncha zake zinakata hewa kwa mita kama 270 kwa sekunde, chini ya kasi ya sauti ambayo ni mita 340 hivi. Lizungushe mara 5,500 na ncha zinavuka mita 540. Hapo nguvu nyingi huishia kwenye makelele na msukosuko wa hewa, ndege haisukumwi inavyopaswa.

Utasema, basi nitaiendesha polepole. Piga hesabu. Injini ya lita 2 isiyo na tabo hutoa nguvu ya kuzungusha ya nyutoni-mita 190 hivi. Ukiifunga moja kwa moja kwenye pangaboi na kuibana isizidi mizunguko 2,700, unapata nguvu za farasi kama 72, hata nusu ya ulichotarajia hazifiki. O-320 kwenye mizunguko hiyohiyo inazungusha kwa karibu nyutoni-mita 400. Zile lita 5.2 unazoziona ni uzembe wa kizamani ndizo zinazofanya kazi hiyo bila gia hata moja.

Ndiyo maana injini za gari zilizofanikiwa zaidi angani kwa njia rahisi ni zile zenye mwendo wa taratibu. Mwaka 1929 Bernard Pietenpol wa Marekani alirusha ndege yake kwa injini ya Ford Model A, ambayo kwenye gari ilitoa nguvu 40 kwenye mizunguko 2,200 tu. Volkswagen ya kobe nayo, yenye silinda nne zilizolala na inayopozwa kwa upepo, imerusha ndege nyingi za kujijengea, ikifungiwa pangaboi fupi moja kwa moja kwenye krenki. Yako haimo katika kundi hilo. Yako inahitaji giaboksi ya kupunguza mizunguko, na hapa naomba usome taratibu.

Kila silinda inapowaka, krenki hupigwa kama nyundo. Kwenye gari mapigo hayo hulainishwa njiani na flaiwili, springi za klachi, shafti ndefu na mwishowe matairi. Kwenye ndege, mwisho wa mstari kuna pangaboi zito lisilotaka kubadili mwendo ghafla. Injini inapiga upande mmoja, pangaboi linakataa upande wa pili, na meno ya gia yamebanwa katikati. Mbaya zaidi, kila mfumo wa namna hii una mizunguko fulani ambapo mapigo yanalingana na msokoto wake wa asili, kama mtu anayesukuma bembea kila inaporudi. Msokoto unakua hadi kitu kinakatika. Hutausikia kwa masikio wala kuuona kwenye dashibodi. Nimewahi kufungua giaboksi ya mtu ambaye injini yake ilinguruma vizuri kabisa, nikakuta raba za kiungo zimegeuka unga. Alikuwa akijiandaa kuruka siku ileile.

Usidhani tatizo hili ni la mafundi wa gereji tu. Kampuni ya Thielert ya Ujerumani ilipochukua injini ya dizeli ya Mercedes-Benz A-Class na kuigeuza kuwa ya ndege, ikapata kibali rasmi, wahandisi wake waliweka klachi kati ya injini na giaboksi ili imeze mapigo hayo. Hata hivyo, mwanzoni giaboksi ilibidi itolewe kwa ukaguzi kila baada ya saa 300. Kwa upande mwingine, Rotax 912, injini ndogo iliyobuniwa kwa ajili ya ndege, inazunguka hadi 5,800 kwa dakika ikiwa na lita 1.2 au 1.35 tu, na inadumu. Siri yake ni kwamba injini, giaboksi na kifyonza mapigo vilibuniwa pamoja tangu siku ya kwanza, kwa ajili ya pangaboi.

Umeme nao. Magneto unayoidharau inajizalishia cheche yenyewe, na ziko mbili, kila silinda ina plagi mbili. Betri ikifa, alteneta ikifa, injini inaendelea kunguruma. Yako ikikosa umeme inazima hapohapo, kwa sababu pampu ya mafuta, nozeli na kompyuta vyote vinanyonya betri moja. Mwaka 2007 huko Speyer, Ujerumani, ndege ya Diamond DA42 yenye injini mbili za Thielert ilipaa baada ya kuwashwa kwa umeme wa nje kwa kuwa betri yake ilikuwa imeisha. Rubani alipokunja magurudumu, umeme ulishuka kwa kitambo kidogo, kompyuta zikajiwasha upya, na injini zote mbili zikazima. Baadaye betri za akiba kwa ajili ya kompyuta za injini zikawa sharti. Kwenye gari, ungeegesha pembeni na kufungua boneti.

Kuhusu kazi ngumu ya muda mrefu: gari likitembea kilomita 100 kwa saa barabara tambarare linatumia nguvu za farasi 20 hivi. Ndege hupaa kwa nguvu zote, kisha inasafiri kwa asilimia 65 hadi 75 kwa saa nzima na zaidi. Injini yako itaweza, mradi upoozaji uweze, na rejeta ya gari iliyofungwa popote palipopatikana nafasi mara nyingi haiwezi. Maji yakivuja, una dakika chache kabla haijanoki.

Nisingekuwa mkweli nikikuficha mazuri yake. Kompyuta inachanganya mafuta na hewa vizuri kuliko mkono wa rubani, hakuna barafu ya kabureta ya kukuzimia injini siku ya unyevu, na petroli isiyo na risasi inaifaa. Kwa usanifu wa ndani, injini yako ni bora. Lakini ile ya ndege, kabla ya kupewa kibali, ilikaa kwenye benchi la majaribio kwa saa 150, sehemu kubwa ikiwa imebanwa kwenye nguvu za juu, kisha ikafunguliwa na kupimwa kila kipande. Hiyo yako, pamoja na giaboksi, waya na rejeta utakavyoiunganisha, jaribio la kwanza litakuwa wewe.

Kama uamuzi ungekuwa wangu, ningefunga aliyotaja mbunifu. Ukishikilia yako, nunua giaboksi ambayo tayari imeruka kwa saa nyingi na injini ya aina hiyohiyo na pangaboi la uzito huohuo, usichonge ya kwako. Weka betri mbili, pampu mbili, na kompyuta mbili kama zinapatikana. Ifunge ndege chini, iendeshe kwa saa 50 angalau, nyingi zikiwa za nguvu kubwa, kisha fungua giaboksi uangalie meno. Halafu inua pua hadi pembe ya kupaa, chomoa mpira wa mafuta unapoingia kwenye injini, washa pampu na upime kwa chupa na saa: mafuta yanayotoka yafike asilimia 125 ya kile injini inachokunywa ikiwa kwenye nguvu zote. Yakipungua hapo, usiruke hadi ujue yanazuiwa wapi.