Jibu: Kuchangamsha eneo la kusubiria

Ndugu, umeuliza ufanyeje ili wanaosubiri huduma pale kwenu wasikae kama wamenuniana, na bajeti yenyewe ni finyu. Rangi ya ukuta iache kwanza, anza na viti. Vikipangwa mstari mmoja kuzunguka kuta, kuongea na jirani mpaka upinde shingo, na wa upande wa pili yuko mbali mno.

Miaka ya 1950 huko Saskatchewan, Kanada, mwanasaikolojia Robert Sommer alilikuta hilo kwenye wodi ya wazee hospitalini. Viti vilipotolewa ukutani vikazungushiwa meza ndogo, maongezi yaliongezeka. Ila mwanzoni vilikuwa vinarudishwa ukutani, kwa hiyo usikate tamaa wiki ya kwanza. Aligundua pia kwamba waliokaa kwenye kona ya meza huongea zaidi kuliko waliotazamana uso kwa uso. Kona inakupa nafasi ya kumwangalia mwenzako au kutomwangalia, bila kuonekana una dharau.

Halafu kuna hili ambalo wengi hulisahau: mtu anayehofia kupitwa na namba yake hawezi kupiga soga. Namba zionekane kutoka kila kiti, na ziitwe kwa sauti pia kwa asiyeona vizuri.

Bakiza viti vichache pembeni kwa wasiotaka mazungumzo (wapo, na wana haki), na nafasi ya viti vya magurudumu katikati ya wenzao, siyo mlangoni. Runinga? Mimi ningeizima.