Kabla hujajaza fomu ya vifaa

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata, pamoja na zile picha zote. Umeniuliza mambo mawili: kama uchukue pikipiki mpya ya BMW R 12 nineT, na kama uagize vifaa vyote vya kuibadilisha kutoka kiwandani, ili siku ya kuipokea iwe imeshakamilika.

La kwanza sina pingamizi. Kuendesha unajua, na pikipiki ya kilo 220 hivi haitakushinda. Ila ujue kwamba pikipiki isiyo na maganda ya mbele ya kukinga upepo haikufichi. Ukivuka kilomita 110 kwa saa, kifua chako ndicho kioo. Ukiona safari zako nyingi ni za barabara kuu, basi tafuta nyingine kabisa, tusipotezeane muda.

La pili ndilo lililonifanya nikae chini niandike.

Toleo la kwanza, R nineT, lilitoka 2013, BMW ikiadhimisha miaka 90 tangu pikipiki yao ya kwanza, R 32 ya 1923. Mafundi walikuwa wamezoea kukata fremu za pikipiki kuukuu kwa msumeno ili kuzipa sura mpya. Wahandisi wa BMW wakaunda moja isiyohitaji msumeno: fremu ya nyuma inayobeba abiria ilifungwa kwa bolti, na nyaya za injini zikatengwa na nyaya za taa na vikorokoro vingine, ili anayechezea taa asije akaizima injini. Ya sasa, iliyotangazwa 2023, imebadilishwa mengi, lakini fremu ya nyuma bado inafunguliwa kwa bolti. Sasa niambie, kitu kilichoundwa ili ukibadilishe siku yoyote unayotaka, unakimbilia nini kukimaliza kabla hujakikalia?

Mimi ningeigawa hiyo fomu yako hivi. Kinachoingia kwenye waya au kwenye rangi, agiza sasa. Kinachofungwa kwa bolti, kingoje. Vishikio vya usukani vyenye joto na kidhibiti mwendo vinazungumza na kompyuta ya pikipiki, na kiwandani vinawekwa vikiwa vimeshatambuliwa. Ukija kuvichomeka baadaye utafungua tangi, utahitaji mashine ya wakala, na pengine utabaki na taa ya onyo inayowaka bila sababu. Hata balbu tu, kompyuta ikiona umeme unaopita si ule ilioutarajia, inalalamika. Rangi ya tangi nayo hivyo hivyo: kupaka upya kunawezekana, lakini ile ya kiwandani huwa haipatikani kirahisi.

Usukani, kiti, vioo, vikanyagio, hivi viache kwanza. Wewe mgongo wako haujui bado utakaa vipi. Usukani wa chini unaonekana mzuri kwenye picha, halafu baada ya saa moja viganja vinakufa ganzi. Na siku utakapoubadilisha, simama kando ya pikipiki, uzungushe wote kushoto, kisha wote kulia, huku jicho lako liko shingoni pale mipira ya breki na klachi inapopita. Kama kuna hata mmoja unaokazika, au waya unaobanwa, hiyo kazi haijaisha, hata fundi akikuapia. Nimeona watu wakikabidhiwa pikipiki zinazong'aa ambazo hazikati kona ya kugeuzia.

Hiyo ya kuondoa kiti cha nyuma, nimecheka. Picha umenitumia mwenyewe, ukiwa umempakia mtu, na siulizi ni nani. Utamweka wapi? Zaidi ya hapo, ukifupisha mkia na madigadi, maji na matope yote ya tairi ya nyuma yanapanda mgongoni kwako. Na hati zikisema chombo ni cha watu wawili, sheria za unakoishi zinaweza kutaka kikaguliwe upya. Ukiamua, amua, lakini ile fremu na kiti usiviuze. Vifunge vizuri uviweke, pamoja na ekzosi na vioo vya awali. Atakayeinunua kwako atavitaka.

Kuhusu ekzosi, ninajua ndiyo inayokuwasha. Chagua yenye alama ya idhini ya barabarani, basi. Kifaa cha kiwanda kikifungwa na wakala kwa kawaida hakikuletei shida ya waranti; cha nje kinawapa pa kusingizia. Na bima uwatajie kila ulichobadilisha, kwa maandishi.

Vitu viwili ningevilipia mapema hata kama havina sura. Kimoja ni vyuma vya kukinga silinda: injini ya boksa imetoa silinda zake nje kama mabega pande zote mbili, na pikipiki ikianguka hata ikiwa imesimama tu, hayo ndiyo yanayogonga chini. Cha pili, ukichagua rimu za spoki, uliza kama tairi zake zina tyubu. Zikiwa na tyubu, pancha haizibwi kwa nje njiani, na ni bora ulipie zile zisizotumia tyubu.

Uliniuliza pia, kama mzaha, iwapo pikipiki iliyobadilishwa kwa vifaa vya katalogi ni yako kweli. Mimi hilo halinisumbui. Anayekata fremu kwa mikono yake namheshimu, ila wengi wao breki zao nisingeziamini kushuka mlima.

Kabla hujasaini nitumie hiyo fomu niipitie. Rangi sitaigusa, hata ukichagua ile ya machungwa.

Mama yako